Nahodha wa Lions alikuwa kasisi? Ndiyo, na hakuwa peke yake

Ukichungulia orodha ya manahodha wa British & Irish Lions, ile timu ya raga iliyoenda Australia 2025 ikashinda testi mbili kati ya tatu, kule juu kwenye miaka ya zamani utakutana na jina moja limetanguliwa na "Rev." Mwaka ni 1899, jina ni Matthew Mullineux. Na hapo ndo ubishi huanza. Mmoja atakwambia hilo ni jina la utani tu, mwingine anasema jamaa aliokoka uzeeni baada ya kuacha mpira, na hakosi mmoja wa kuapa kwamba huyo alikuwa mchungaji wa timu, alienda kuwaombea vijana wasivunjike miguu. Hapana jamani. Mwaka huo huyu bwana tayari alikuwa kasisi wa Anglikana aliyewekewa mikono, na alikuwa nahodha, na ndiye aliyekuwa meneja wa safari yote, na testi ya kwanza aliingia uwanjani akapigwa pamoja na wenzake.

Habari yake inachanganya kwa sababu imeshikana na mambo ambayo wengi wetu tunayajua nusunusu: Lions ni nani hasa, kucheza kimataifa zamani kulikuwa kunahesabiwaje, na mbona raga ya mwanzo ilijaa watu wa kanisa. Twende polepole.

Kwanza maneno. Kwenye Anglikana mtu anaanza kuwa shemasi, halafu kasisi, na wachache wanafika uaskofu. Hiyo "Rev." hubebwa na hao wawili wa mwanzo, na kasisi wa Anglikana anaoa na kulea watoto kama mtu mwingine, sio kama padri wa Katoliki. Kasisi wa jeshi ni huyohuyo ila amevaa sare, ana cheo cha afisa, na bunduki habebi. Testi nayo ni mechi ya nchi na nchi, au ya Lions na nchi, tofauti na zile za ziarani ambapo wageni wanacheza na timu ya mkoa au klabu ya mji. Hii tofauti ishike, itakusaidia mbele.

Sasa Lions. Hebu fikiria Harambee Stars, Taifa Stars na Cranes wakae kikao, wachague wachezaji wao bora, watengeneze timu moja isiyo na ligi wala uwanja wa nyumbani, iwe inakusanyika kila baada ya miaka 4 kwenda kucheza ugenini halafu inavunjwa kila mtu arudi kwao. Hiyo ndo Lions, isipokuwa wao ni England, Scotland, Wales na Ireland. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Lions ni England" mrekebishe taratibu, hasa kama kuna Mwairishi au Mwelshi karibu. Na wala usiwachanganye na Simbas wetu wa Kenya, jina limefanana tu, undugu hakuna.

Halafu kuna kitu kimoja kinachosahaulika. Mwaka 1899 hakuna mtu aliyekuwa anawaita Lions. Jina lilishika kwenye ziara ya Afrika Kusini ya 1924, na waandishi wa historia wakalirudisha nyuma kuwabandika na wale waliotangulia. Wenyewe 1899 walikuwa tu timu ya Waingereza, au kikosi cha Mullineux, basi. Kwa hiyo ukisema alikuwa nahodha wa Lions uko sahihi kwa hesabu ya leo, ila yeye mwenyewe wakati ule angekuuliza simba gani tena.

Na jambo linalowashangaza wengi zaidi: huyu nahodha hakuwahi kuichezea England hata mechi moja. Alicheza Blackheath, klabu kubwa sana ya London enzi hizo, alisoma Cambridge, lakini timu ya taifa haikumwita. Ukimataifa wake umetoka kwenye ziara mbili peke yake, 1896 Afrika Kusini na 1899 Australia, ambako alicheza testi. Leo ingekuwa ajabu kubwa, Lions wanachota kwenye timu za taifa, utampelekaje mtu ambaye nchi yake haijamtaka? Zamani lakini swali la kwanza halikuwa nani bora. Swali la kwanza lilikuwa nani ana nafasi.

Hapo ndo tunafika kwa makasisi.

Raga imetoka kwenye shule, na jina lake ni la shule, Rugby School, katikati ya England. Mwalimu mkuu maarufu kuliko wote waliopita pale, Thomas Arnold, aliyeongoza kuanzia 1828 mpaka 1842, alikuwa kasisi. Shule za aina ile nyingi zilikuwa chini ya watu wa kanisa, na mwanafunzi akimaliza anakwenda Oxford au Cambridge, na akitoka pale kazi za heshima zilizomsubiri zinahesabika kwa vidole: sheria, udaktari, jeshi, utumishi serikalini, ama kanisa. Sasa kama wachezaji wako wote umewachota kwenye shule hizo na vyuo hivyo viwili, lazima kapu lako litatoka na makasisi kadhaa, hata kama hukuwatafuta. Juu ya hapo kulikuwa na imani ya enzi zile kwamba kijana akijifunza kuvumilia kipigo uwanjani bila kulia na bila kulipiza, atakuwa Mkristo imara zaidi. Waliuita Ukristo wa misuli. Mimi binafsi naona kulikuwa na kujisifia kwingi humo ndani, lakini walikuwa wanaamini kweli, na walimu waliutumia kuhalalisha kuwatoa wavulana nje kwenye matope mchana kutwa.

Pesa nayo ilikuwa na mkono wake, tena mkubwa. Raga ilikuwa ya ridhaa, hulipwi. Mfanyakazi wa kiwanda au mchimba makaa wa kaskazini mwa England akienda kucheza Jumamosi anakatwa mshahara, na klabu za huko zikaomba ruhusa ya kuwafidia wachezaji wao hicho kiasi wanachopoteza. Wakuu wa chama wakakataa kabisa. Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana hotelini Huddersfield zikajitoa, na huko ndiko kulikozaliwa ule mchezo mwingine wa watu 13 ambao watu wengi huku hata hawajui kwamba ni mchezo tofauti. Mwaka mmoja tu baadaye, 1896, inaandaliwa ziara ya Afrika Kusini, mechi 21, na safari ya meli kwenda na kurudi, miezi inakatika. Nani ataacha kazi yake muda wote huo bila malipo? Mwanafunzi wa Oxford. Daktari kijana. Afisa wa jeshi. Na mtu anayejiandaa kwa kazi ya kanisa.

Nitoke nje kidogo hapa kwa sababu kuna hadithi lazima iguswe. Umewahi kusikia kwamba raga ilianzishwa na William Webb Ellis, yule kijana wa Rugby School aliyenyakua mpira kwa mikono mwaka 1823 katikati ya mechi akakimbia nao. Kombe la dunia limepewa jina lake. Shida ni kwamba hadithi hiyo ilianza kuandikwa 1876, miaka minne baada ya Ellis mwenyewe kufa, tena na mtu aliyekuwa ameshaondoka shuleni kabla ya hicho kitendo kinachosemwa. Ushahidi ni mwembamba kama uzi. Kilicho hakika ni kwamba wanafunzi wa shule hiyo waliandika sheria zao 1845, na kwamba Ellis alikuwa mtu wa kweli kabisa, na kazi yake maishani unaikisia? Kasisi. Alihudumu London na Essex, akafa Ufaransa 1872. Yaani hata huyu mwanzilishi wa kubuni alikuwa na kola shingoni.

Haya, turudi 1896. Kikosi kiliongozwa na Johnny Hammond, kikashinda mechi 19, sare moja, na kikapoteza moja tu ambayo ndiyo ya mwisho, Cape Town, 5-0. Hiyo ya mwisho Afrika Kusini waliingia na jezi za kijani zilizoazimwa kwenye klabu ya Old Diocesans, na mpaka leo Springboks wako na kijani. Kikosi chenyewe ukikiangalia unapata picha kamili ya kapu nililosema. Waairishi wawili, Tom Crean na Robert Johnston, walikuja kupata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza, kwenye vita vya Makaburu. Wengine walikuwa madaktari. Na humo humo walikuwemo Mullineux, aliyecheza hafubeki, na kijana mmoja wa Oxford anaitwa Walter Carey aliyefunga trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kwenye testi ya kwanza Port Elizabeth. Huyo Carey mweke akilini, tutamkuta tena, na hatutamkuta mbali.

Miaka mitatu baadaye Mullineux akapewa kikosi chake mwenyewe aende nacho Australia. Ndicho kikosi cha kwanza cha namna hii kuwa na wachezaji kutoka nchi zote nne, ingawa ukweli Wales walitoa mtu mmoja tu, Gwyn Nicholls, lakini huyo mmoja alikuwa na thamani ya kumi. Na usidhani walienda kucheza na nchi inayoitwa Australia, nchi hiyo haikuwepo bado, makoloni yaliungana Januari 1901. Timu ya "Australia" ilikuwa ni watu wa New South Wales na Queensland waliochanganywa, wakicheza Sydney wanavaa buluu ya New South Wales, wakicheza Brisbane wanavaa maruni ya Queensland. Hiyo testi ya Juni 1899 pale Sydney ndiyo testi ya kwanza kabisa kwenye historia ya Australia, na Australia wakaishinda, 13-3. Usiicheke hiyo tatu ukaiona ndogo, trai enzi hizo ilikuwa pointi 3, sio 5 kama leo.

Kilichofuata ndicho kinanifanya nimpende huyu mtu. Nahodha, meneja, mwenye safari yake, mtu ambaye hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumweka benchi, alijiangalia akaona kiwango chake hakitoshi, akajitoa mwenyewe kwenye kikosi cha testi. Unahodha wa uwanjani akamwachia Frank Stout. Hakurudi tena kwenye testi zilizobaki, na timu ikashinda zote tatu, 11-0 Brisbane, halafu Sydney 11-10 na 13-0. Jumla ya ziara ni mechi 21, ushindi 18. Mtu anaweza kusema ah, hata wewe ungejitoa ukipigwa hivyo, lakini niambie umewaona manahodha wangapi, wa mpira au wa kitu kingine chochote, wakijitoa bila kusukumwa?

Sasa msije mkadhani alikuwa mpole wa kunyamaza. Watu wakisikia kasisi wanapata picha ya mzee anayetabasamu na kubariki kila kitu. Kwenye karamu ya kuagana, pale ambapo mgeni anategemewa kushukuru chakula na kusifia hali ya hewa, Mullineux alisimama akawachana wenyeji wake peupe kuhusu mbinu chafu. Aliwalaumu kwa kumshika mtu asiye na mpira akitoka kwenye skramu ili achelewe. Aliwalaumu pia kwa ile janja ya mchezaji kumwita mpinzani kwa sauti kama vile ni mwenzake, "nipe, nipe," ili jamaa atoe pasi bila kugeuka kuangalia. Alisema haya wakati timu yake imeshinda, sio mtu anayetafuta kisingizio cha kufungwa. Bila shaka wapo waliokunja uso. Na ukitaka kuelewa Ukristo wa misuli kwa vitendo badala ya maneno makubwa, ndo huo: kuvunjwa mbavu kihalali hakuna neno, kudanganywa ndo kosa.

Baada ya hapo vita vikaja, na hadithi inageuka.

Kati ya waliowahi kuichezea England, 27 walikufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao alikuwa kasisi, Rupert Inglis, mwanafunzi wa zamani wa Rugby School yenyewe, aliyecheza mechi tatu za taifa zote mwaka 1886, kisha akaacha akaenda kuchunga parokia ya kijijini, Frittenden, huko Kent. Vita vilipopamba alikuwa na zaidi ya miaka 50, ana mke na watoto, hakuna aliyekuwa anamdai kwenda popote. Alijitolea 1915. Hapa kuna dhana nyingine ya kuondoa, kwamba makasisi wa jeshi walikaa nyuma kabisa wakisoma sala. Wapo waliokaa, lakini Inglis aliuawa kwa kombora Septemba 1916 kwenye vita vya Somme, karibu na kijiji cha Ginchy, akiwa ametoka na wabeba machela kuokota majeruhi. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Thiepval pamoja na maelfu kwa maelfu ya wengine ambao miili yao haikutambuliwa.

Mullineux naye alikwenda, akawa kasisi na jeshi la New Zealand kule Ufaransa. Mwaka 1918 daktari wa kituo cha huduma ya kwanza karibu na mstari wa mbele aliumia, na kasisi ndiye aliyeshika kazi, akafunga vidonda na kusafirisha majeruhi huku mabomu na gesi vinamiminika kwa masaa mengi. Alipewa Military Cross. Ukisoma tu wasifu wake kwenye vitabu vya michezo huwa wanaishia hapo, nishani, nukta. Mimi naona sehemu kubwa ya maisha yake inaanzia hapo.

Inabidi uelewe uamuzi mmoja wa serikali ya Uingereza. Tangu mapema kwenye vita walikataza maiti kufukuliwa na kurudishwa nyumbani. Sababu ilikuwa usawa, wenye pesa wangerudisha watoto wao na maskini wangebaki kuangalia, kwa hiyo wote wazikwe pale pale walipoanguka, jenerali na mpishi, chini ya mawe yanayofanana. Ni uamuzi mzuri ukiusoma kwenye karatasi. Lakini mama wa Manchester aliyefiwa na kijana wake wa pekee, na anaishi kwa kufua nguo za watu, atafikaje Ubelgiji? Tajiri alipanda meli akaenda. Usawa wa kaburi ukazaa tofauti ya nani anaweza kuliona hilo kaburi.

Mullineux mwaka 1919 akaanzisha chama cha St Barnabas kwa ajili ya watu hao hasa. Kilikusanya michango, kikaweka hosteli karibu na makaburi, kikapanga safari za makundi kwa bei ya chini au bure kabisa kwa wasio na kitu, Ufaransa na Ubelgiji kwanza, na 1926 hadi Gallipoli (Uturuki) na Salonika (Ugiriki). Wazia kazi yenyewe: mamia ya watu ambao wengi wao hawajawahi kutoka nje ya nchi, vyakula, vitanda, treni, meli, na kila mmoja lazima afikishwe kwenye jiwe lake mahususi kati ya mawe yanayofanana kila upande. Kama ukiniuliza, hii kazi aliijua tangu 1899. Meneja wa ziara ya raga anafanya nini zaidi ya kuhesabu watu, kukata tiketi, kuhakikisha hakuna aliyeachwa stesheni? Ilibadilika tu abiria.

Julai 1927 lango la Menin lilizinduliwa mjini Ypres, Ubelgiji, na majina zaidi ya 54,000 ya wasio na makaburi. Chama chake kilipeleka kama akina mama 700 kutoka familia za hali ya chini, watu ambao kwa kawaida wangesoma tu gazetini kwamba kuna sherehe imefanyika. Wengi wao walikuwa wamekaa miaka kumi na zaidi hawajui hata pa kulilia. Fildi Marshal Plumer, aliyelizindua lango hilo, akawaambia kila mmoja anaweza sasa kusema kuhusu mtu wake, hajapotea, yuko hapa.

Na sisi wa huku hatuwezi kulipita hili bila kunyoosha kidole. Mwaka huo huo 1927 Dar es Salaam ilizinduliwa sanamu ya Askari, ile iliyoko katikati ya mji, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita hivyo hivyo. Umeshawahi kusoma jina lolote pale? Hakuna. Wapagazi wa Carrier Corps ndio walioacha jina Kariakoo Dar na Kariokor Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu, na wengi mno hawakuandikwa jina popote wala kuwekewa jiwe. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, ile iliyohubiri usawa, ilikiri 2021 kwamba Afrika na kwingineko iliwafanyia watu hivyo kwa makusudi na ikaomba radhi. Kwa hiyo mama wa Kimeru au wa Kinyamwezi hata kama kungekuwa na Mullineux wa kumkatia tiketi, angepelekwa kwenye jiwe gani? Simlaumu yeye kwa hilo, kazi yake ilikuwa Ulaya na aliifanya. Ila ukisifia chama cha St Barnabas bila kusema na hili, umesimulia nusu.

Sasa yule Carey niliyewaambia mumshike. Alirudi toka Afrika Kusini, akamaliza Oxford, akawa kasisi, kwenye vita akawa kasisi wa jeshi la majini, halafu 1921 akarudi tena Afrika Kusini lakini safari hii kama Askofu wa Bloemfontein. Watu wa raga wanamkumbuka kwa sentensi moja ambayo klabu ya Barbarians waliifanya kauli yao, kwamba raga ni mchezo wa waungwana wa matabaka yote, lakini sio wa mtu mwenye roho mbaya ya kimchezo wa tabaka lolote. Inapendeza sana ukiisoma haraka. Ukiirudia taratibu unakumbuka kwamba kizazi hicho hicho cha raga ndicho kilichowakatalia wachimba makaa fidia ya siku moja ya mshahara. Matabaka yote, ndiyo, ilimradi tabaka lako linaweza kumudu.

Uzeeni Carey alikuja Kenya kufanya kazi ya umisionari, na akajikuta katikati ya hali ya hatari. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu Mau Mau na ubaguzi wa rangi, vitu viwili ambavyo walowezi wengi hawakupenda viwekwe kwenye jalada moja. Raga yenyewe ya Kenya wakati huo ilikuwa ya wazungu, klabu ya Nondies ilishakuwepo tangu 1923, shule za walowezi zinacheza, Mwafrika hachezi. Carey alifariki 1955. Mwaka huo huo uwanja wa RFUEA, chama cha raga cha Afrika Mashariki, pale Ngong Road ulifunguliwa na Lions, sasa wakiwa wanaitwa Lions kweli, wakapitia Nairobi wakitoka Afrika Kusini wakaifunga East Africa 39-12. Ilibidi tusubiri mpaka 1977 ndipo vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, wakaingia Kenya Cup wakaibeba msimu wao wa kwanza.